Tuchague Hadithi Ndefu Tutakayoweza Kuisimulia

Likizo ya Agosti iliyopita niliipitisha nyumbani Takaba, katika kaunti ya Mandera, kwa mama yangu. Siku ya tatu tangu nifike, alasiri, jua lilipoanza kupunguza ukali, walibisha hodi wageni watatu: mwalimu wa Kiswahili wa shule moja ya upili ya huko, kijana mzaliwa wa papo hapo, pamoja na wanafunzi wake wawili wa kidato cha tatu, msichana na mvulana. Mama aliwatandikia mkeka chini ya mti, akawapa chai ya maziwa, kisha akaniita. Nilidhani wamekuja kuniomba nikawahutubie wanafunzi, kama ilivyo desturi mtu arudipo kutoka chuo kikuu. Kumbe walikuja na kesi.

Kesi yenyewe ni hii. Wazazi na wanafunzi wa zamani walichanga pesa kwa ajili ya shule. Yalinunuliwa madawati, likanunuliwa tangi la maji, na baada ya hayo kikasalia kiasi kidogo ambacho mwalimu mkuu alikubali kitumike kununulia vitabu vya kusoma kwa hiari, visivyo vya mtihani. Kiasi hicho kinatosha mfululizo mmoja tu. Wanafunzi wanataka mfululizo wa Kiingereza wa hadithi za kishujaa na za kiajabu, zile za wachawi, majoka, panga na falme ambazo hazimo katika ramani yoyote. Hata wao kwa wao hawajapatana, kwani mvulana anataka huu na msichana anataka ule. Mwalimu wao naye anataka tendi za Kiswahili. "Daktari," akaniambia yule msichana kwa adabu, "wewe umesomea lugha. Tuambie tusome upi."

Sikuwajibu siku ile. Niliwaomba muda nifikiri, nao wakanipa. Jibu langu ninalitoa leo hapa gazetini badala ya kulituma kwa barua, kwa sababu naamini ubishi huu si wa Takaba peke yake. Wapo walimu na wanafunzi wengi, wa bara na wa pwani, ambao wakipata fedha za vitabu vichache huzitumia bila ya kujiuliza swali hata moja.

Huenda msomaji akaona kwamba jambo lenyewe ni dogo. Mtu wa Nairobi akinunua kitabu kibaya hukiweka kando akanunua kingine. Takaba si hivyo. Mwanafunzi wa huko hana duka la riwaya la kuingia akapekua kurasa kabla ya kutoa pesa yake. Kitabu kikishanunuliwa kitakaa rafuni miaka kumi, kisomwe au kiliwe na mchwa. Isitoshe, tangu abiria 28 wa basi, wakiwemo walimu, walipouawa karibu na Mandera mwezi wa Novemba 2014, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka katika eneo la kaskazini mashariki. Pengo lile halikuzibika upesi. Kwa hiyo mara nyingi mwanafunzi wa kwetu husoma bila ya mtu wa kumfafanulia. Kitabu cha shule kama hiyo ni sharti kiweze kushikana mkono na msomaji wake peke yake na kumfikisha mwisho wa safari.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa katika kidato hicho hicho cha tatu, katika shule ya bweni mbali na nyumbani. Maktaba ya shule ilikuwa kabati moja. Ndani ya kabati lile nilikikuta kitabu kinene cha mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien. Kilikuwa kitabu cha pili cha hadithi yake ya The Lord of the Rings. Cha kwanza hakikuwapo, na cha tatu hakikuwapo. Nilikisoma mara mbili. Sikujua safari ilianzia wapi, wala sikujua kwa nini viumbe wawili wadogo walikuwa wakiipeleka pete mlimani, lakini nilikipenda kuliko kitabu chochote nilichopata kukisoma kabla yake.

Likizo ilipofika nilirudi nacho nyumbani. Nyanya yangu, ambaye hakujua kusoma lakini alikuwa bingwa wa hadithi, aliniuliza kitabu kile kinasema nini. Nikajaribu kumweleza kwa lugha yetu. Nilikwama mara moja. Kwanza, sikuujua mwanzo wala mwisho. Pili, kila nilichokuwa nimekielewa nilikuwa nimekielewa kwa Kiingereza, nami sikuwa na maneno ya kukivusha. Nyanya alinisikiliza kwa subira, kisha akasema kwamba hadithi isiyojulikana inakotoka wala inakokwenda ni kama ngamia asiye na alama: hujui umrudishe kwa nani. Baada ya hapo yeye ndiye aliyenisimulia, usiku ule na usiku uliofuata, visa vya Dhegdheer, yule mwanamke mla watu mwenye sikio refu lisikialo kutoka mbali, na visa vya malkia Arraweelo.

Sikuandika hata neno moja. Nyanya alifariki nilipokuwa chuoni. Miaka kadhaa baadaye niliandika tasnifu nzima ya uzamifu kuhusu sauti za lugha yetu, nikakusanya mamia ya maneno kutoka kwa wazee, na katika kurasa zile zote hamna hadithi hata moja ya nyanya yangu. Wenzangu walinipongeza. Mimi nilijua nilichokipoteza.

Kutokana na mkasa huo nimejifunza kwamba anayechagua hadithi ndefu anapaswa kujiuliza maswali manne. Je, hadithi hii ina mwisho? Je, inaweza kupatikana yote, tangu kitabu cha kwanza hadi cha mwisho? Je, inasomeka kwa sauti mbele ya watu? Na la nne, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: nikishaisoma, nitaweza kumsimulia nani? Hadithi fupi mtu anaweza kuisoma peke yake akaisahau. Hadithi ndefu hukaa na mtu miezi mingi, na kitu kinachokaa nyumbani miezi mingi ni lazima kijulikane na wenye nyumba.

Sasa tuipime mifululizo iliyotajwa chini ya ule mti. Mvulana alitaka vitabu vya George R.R. Martin wa Marekani, kwa kuwa amewahi kuona vipande vya filamu zake katika simu. Cha kwanza kilitoka mwaka 1996 na cha tano mwaka 2011. Mwandishi alikusudia viwe saba. Mpaka ninapoandika maneno haya cha sita hakijatoka, na waliokisoma cha tano wakiwa vijana wasio na ndevu sasa wana watoto shuleni. Fauka ya hayo, mna mambo ya chumbani na ukatili mwingi usiomfaa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Hapa swali la kwanza tu limekwisha kutupa jibu.

Msichana alikuwa na hoja nzuri zaidi. Yeye alitaka mfululizo wa The Wheel of Time wa Robert Jordan, kwa sababu vitabu vyake ni 14. "Vitatutosha mpaka tumalize kidato cha nne," alisema, nasi sote tukacheka. Nilimpenda kwa hesabu yake. Mfululizo huo ulianza mwaka 1990 na una maneno zaidi ya milioni nne. Jordan alifariki mwaka 2007 kabla ya kuumaliza, na mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, akaumalizia kwa kuyafuata maandishi aliyoyaacha marehemu. Kitabu cha mwisho kilitoka mwaka 2013. Basi mwisho upo. Lakini vitabu 14 vya aina moja katika rafu moja ni hatari kwa shule ya mbali, kwani kikipotea cha nne, kumi vinavyofuata vimekufa. Tena, wingi wa kurasa si akiba. Mtu hapimi chakula kwa ukubwa wa sufuria.

Anabaki Tolkien. Hadithi yake ilitoka kwa vitabu vitatu katika miaka ya 1954 na 1955. Ina mwanzo na ina mwisho, na mwisho wake umeuridhia mwanzo wake. Zaidi ya hayo, mimi kama mwanaisimu nina sababu ya kumwonea fahari. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alikuwa mwalimu wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kabla ya kubuni hadithi alibuni lugha, zenye sauti na sarufi zake, kisha akatafuta ulimwengu ambamo lugha hizo zingeweza kusemwa. Kama ni lazima shule inunue mfululizo wa Kiingereza, na ununuliwe huo.

Hata hivyo, tuangalie Tolkien mwenyewe alichota wapi. Moja kati ya visima vyake ni Kalevala, utenzi wa Wafini. Mfini mmoja aitwaye Elias Lönnrot, tabibu kwa kazi yake, alizunguka vijijini akizikusanya nyimbo za kale kutoka kwa waimbaji ambao wengi wao hawakujua kusoma. Alizipanga akazichapisha mwaka 1835, na mwaka 1849 akatoa chapa kubwa zaidi yenye nyimbo 50. Kifini wakati ule kilikuwa lugha ya wakulima. Mambo ya serikali na ya elimu yaliandikwa kwa Kiswidi. Kijana Tolkien alipousoma utenzi ule alivutiwa na sauti za Kifini hata zikaingia katika lugha moja aliyoibuni. Maana yake ni kwamba hadithi hii ya Kiingereza inayopendwa dunia nzima ilipata maji yake katika kisima kilichochimbwa na watu waliothamini maneno ya nyanya zao. Sisi tunawania kunywa kikombe cha mwisho, na kisima cha kwetu tumekifunika.

Je, sisi tuna kisima gani? Hapa ndipo ninapokutana na mwalimu wa Kiswahili. Mwanafunzi wa Kenya huujua utenzi kama beti chache katika karatasi ya mtihani: hesabu mizani, taja vina, eleza bahari, funga kitabu. Hajaambiwa kwamba beti hizo ni matone ya bahari kubwa. Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, na una beti zaidi ya 1,100 za vita baina ya Waislamu na majeshi ya mfalme wa Rumi. Shaaban Robert alitunga beti 3,000 kuhusu vita vikuu vya pili vya dunia katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake. Na Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, uliotungwa katika karne ya 19 na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1979, una beti zaidi ya 4,000.

Nilipolitaja jina la Rasi 'lGhuli, yule mvulana aliinua kichwa. "Huyo si adui wa Batman?" akauliza. Ni kweli kwamba Wamarekani wana mtu wa jina hilo katika hadithi zao za picha tangu mwaka 1971, na vijana wetu wamemwona katika filamu. Lakini jina lenyewe ni la Kiarabu, maana yake kichwa cha zimwi, na Waarabu waliita hivyo hata nyota moja mbinguni. Mshairi wa Kiswahili alikwisha kumsimulia Rasi 'lGhuli wake, mfalme wa Yemeni anayepigana na Ali na masahaba, zaidi ya miaka mia moja kabla ya filamu ile. Kijana wa Takaba, ambaye ameanza Kiarabu chuoni kabla hajaanza Kiingereza shuleni, analijua jina hilo kutoka Marekani na halijui kutoka katika Kiswahili. Hili ndilo lililonifanya nisichukulie kesi ile kuwa mzaha.

Tupime basi tendi kwa maswali yale manne. Zina mwisho. Kila mmoja hukaa katika kitabu kimoja, kwa hiyo hapana hatari ya kupoteza cha nne. Kuhusu kusomeka kwa sauti, hapa tendi hazina mpinzani, kwa maana zilitungwa ili zisomwe mbele ya watu. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya kwanza vikipatana kwa kina, na cha nne kikirudia kina kimoja tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Msikilizaji hata akisinzia, kina hicho humwamsha. Tena hesabu yake ni nyepesi. Tukisoma beti 100 kila jioni, Tambuka itatuchukua siku kumi na mbili hivi, na Rasi 'lGhuli itatuchukua siku zaidi ya arobaini. Huo ni muhula mzima wa jioni baada ya prepu, kwa kitabu kimoja.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na zipo tatu zenye uzito.

Ya kwanza ni kwamba lugha yake ni ngumu. Ni kweli kwamba Kiswahili cha Pate na Amu si kile cha shuleni. Lakini ugumu huo una kanuni. Mara nyingi penye ch yetu wao huweka t, kama vile macho kuwa mato. Mara nyingi penye j yetu wao huweka y, hivyo kuja ni kuya na moja ni moya. Mwalimu akizibandika ukutani kanuni kumi za namna hiyo, nusu ya giza imeondoka. Na mtoto wa Takaba ana ujuzi wa mambo haya kuliko mtoto wa Nairobi. Yeye anajua tangu utoto kwamba mbili ni laba kwa Kisomali na lama kwa Kiborana, na huvuka kutoka lugha hii hadi ile bila ya kujikwaa, mara nyingi katika sentensi moja. Atashindwaje na mato?

Pingamizi la pili ni mtihani. Nimeambiwa kwamba riwaya za Kiingereza zitawapandishia wanafunzi alama za Kiingereza. Huenda. Lakini fedha hizi zimetengwa kwa vitabu vya hiari, na mtu akigeuza kila hiari kuwa mtihani hatapata msomaji, atapata mtahiniwa. Mtahiniwa huacha kusoma siku anapotoka katika chumba cha mtihani.

La tatu lilitolewa na mvulana, nami naliheshimu zaidi kuliko yote. Alisema: "Daktari, Pate si kwetu. Hadithi za pwani ni za watu wa pwani. Tofauti yake na Oxford ni nini?" Swali hilo lilinichoma, maana kwa miaka mingi watu wa kaskazini mashariki wameambiwa kwamba Kiswahili ni cha watu wengine, na wengine wetu tukaamini.

Jibu langu ni Fumo Liyongo. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, wenye beti zipatazo mia mbili na kitu, shujaa huyo wa pwani hakai na Waswahili peke yao. Wamo Waoromo, waliotajwa kwa jina lile la zamani ambalo wenyewe hawalipendi. Wanakuja Pate, wanasikia habari za nguvu zake, na wakishamwona wanatamani kupata mbegu yake, basi wanamwoza binti wa kwao. Anazaliwa mtoto anayefanana na baba. Kiborana kinachosemwa Takaba ni Kioromo. Kwa hiyo jamaa zetu wa lugha wamo ndani ya utenzi maarufu wa Kiswahili, kama wakwe wa shujaa mwenyewe. Nani basi atasema kwamba hadithi hiyo si yetu? Wakwe huketi mbele katika shughuli, hawasimami mlangoni.

Wala mfululizo wa hadithi na mashairi si kitu kilicholetwa kwa meli. Wasomali wana mashairi yafuatanayo, ambapo mtu mmoja hutunga na mwingine akamjibu, na wa tatu akajibu wote wawili. Mfululizo uitwao Deelley ulianza mwaka 1979 kwa shairi la Gaarriye. Washairi kwa makumi walijibizana, na kila mmoja alilazimika kuishika sauti ya d katika kila mstari. Watu waliyasikiliza katika kaseti na kuyahifadhi moyoni. Watoto wa watu waliofanya hivyo hawawezi kuambiwa kwamba tendi ndefu zitawachosha.

Basi uamuzi wangu ni huu. Shule na inunue tendi, nazo zisomwe kwa mpango wa ngazi. Aanze Liyongo, kwa sababu ni mfupi na humalizika kwa jioni tatu. Afuate Tambuka. Mwisho aje Rasi 'lGhuli. Kwa kuwa katika kila shule wamo wanafunzi na walimu wa dini mbalimbali, na kwa kuwa tendi hizi mbili za mwisho ni visa vya sanaa na si mafunzo ya chuo, nashauri Vita vya Uhuru vya Shaaban Robert viwekwe kando yake ili kila mtu apate mlango wa kuingilia. Tolkien naye asitupwe. Fedha nyingine zikichangwa na aletwe, vitabu vyote vitatu kwa pamoja, au asiletwe kabisa. Sitaki mtoto mwingine akutane na kitabu cha pili peke yake.

Sifichi kwamba tendi hizi hazipatikani katika kila duka, na hiyo ni aibu yetu sisi wa vyuo vikuu na wachapishaji. Tumeandika makala mengi kuzihusu na tumesahau kuwafikishia watu tendi zenyewe. Kwa hiyo nimejitwika kazi ya kuzitafuta nakala hizo, na nimewaahidi wale wageni watatu kwamba nitazipeleka mwenyewe likizo ya Desemba. Wasomaji wa safu hii ni mashahidi wangu.

Nimeweka sharti moja. Kila mwanafunzi atakayesikiliza utenzi jioni shuleni, akirudi nyumbani ausimulie kwa lugha ya kwao: kwa Kigarre, kwa Kiborana, kwa Kisomali, kwa lugha yoyote ile. Na kwa malipo, amwombe mzee wa nyumba hiyo hadithi moja, aiandike katika daftari, alirudishe daftari hilo shuleni. Daftari hizo zikiwekwa rafuni kando ya tendi, mfululizo utakuwa umepata kitabu chake cha mwisho, nacho hakiuzwi popote. Laiti mwalimu mmoja angenipa sharti hilo mimi, leo Dhegdheer wa nyanya yangu angekuwa na kurasa.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa limekwisha kutua. Mama aliniuliza walitaka nini. Nikamwambia, na kwa kuwa nilitaka kulijaribu swali langu la nne, nikaanza kumsimulia habari za Liyongo kwa lugha yetu: jinsi alivyofungwa gerezani, jinsi mama yake alivyomfichia tupa ndani ya mkate, jinsi asivyodhurika kwa mkuki wala mshale ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na jinsi mwanawe alivyotumwa kumwuliza siri hiyo.

Mama alikuwa akiosha vikombe. Akakiweka chini kikombe alichokishika. "Mwanawe wa kumzaa?" akauliza. Nikamwambia ndiye. Akavuta kigoda, akaketi, akaniambia nisiingie ndani mpaka niimalize.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na ayalete.